Kurekebisha Mota: Shule ya Rochester na Shule ya Berlin

Kidhibiti cha mwendo wa mota hulitazama kosa, yaani tofauti kati ya mwendo unaotakiwa na uliopo, kwa namna tatu: ukubwa wake sasa, limbikizo lake, na kasi ya kubadilika kwake. Kila namna ina kigezo chake, na shule mbili za uhandisi zinavitafuta vigezo hivyo kwa njia zisizofanana kabisa.

Mwaka 1942, John Ziegler na Nathaniel Nichols wa kampuni ya Taylor, huko Rochester, Marekani, walitoa kanuni fupi. Zima namna mbili za mwisho, ongeza ya kwanza taratibu mpaka mtambo uyumbe bila kukoma, kisha pima muda wa yumbo moja. Kigezo cha kwanza ni 0.6 ya kiwango ulichofikia; viwili vilivyobaki hutokana na nusu na thumuni ya muda ule. Fundi mwenye kalamu na saa aliimudu. Lakini kanuni hiyo iliridhika kila yumbo likipungua hadi robo ya lililotangulia. Kiwandani, kwenye tangi la maji moto, si neno; mashine ya kuchonga chuma ikipitiliza alama, kipande kimeharibika.

Berlin, mwaka 1964, Ingo Rechenberg na wenzake hawakutafuta kanuni. Walichukua bamba lenye bawaba, wakaliweka mbele ya upepo, wakabadilisha pembe zake kwa kubahatisha na kubakiza badiliko lililopunguza ukinzani, kizazi baada ya kizazi. Bamba lililokunjamana likanyooka. Mwaka 1995 Rainer Storn na Kenneth Price wakaongeza mbinu ya kuzalisha jaribio jipya kutokana na tofauti ya majaribio mawili ya zamani.

Kwenye mota, ambako vigezo huchukua nafasi ya pembe, shule hii ina nguvu kweli. Udhibiti wa mkondo wa umeme, wa kasi na wa mahali hufungamana, na ukigusa kigezo kimoja umegusa vyote. Kuvitafuta kwa pamoja ni busara. Ila majaribio ni mengi, na mabaya miongoni mwake huweza kuunguza koili, ndiyo maana mengi hufanywa kwenye kompyuta. Modeli ya mota kwenye kompyuta ikisahau msuguano, ushindi unabaki humo humo.

Hatari kubwa zaidi ni kipimo cha ubora kinachoamua jaribio lipi libaki. Ukiiagiza kompyuta ipunguze kosa tu, itatii: mota itafika mahali pake huku ikitetema na kuchemka. Uamuzi wa fundi haujaondoka. Umehamia kwenye kipimo hicho. Naona Rochester itupe pa kuanzia, Berlin itafute jirani na hapo. Nawe ukiletewa matokeo ya vizazi elfu, dai kwanza uoneshwe kipimo kilichovichuja.