Mkaguzi Asiyelipwa na Tajiri

Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwalinda watoto wa viwandani tangu 1802, lakini kwa miaka 30 haikufua dafu. Ukaguzi waliachiwa mahakimu na makasisi wa mahali, majirani wa wenye viwanda vya pamba, na pengine hakimu ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda. Kesi ya ngedere ikapelekwa kwa nyani. Ndiyo maana naona kilicholeta mabadiliko mwaka 1833 si zile saa 48 kwa wiki walizowekewa watoto wa miaka 9 hadi 13, bali ni wakaguzi wanne waliolipwa na serikali, wenye haki ya kuingia kiwandani saa yoyote, usiku au mchana, maadamu mashine zinazunguka.

Mtu atauliza: watu wanne wangefanya nini mbele ya maelfu ya viwanda? Kweli, walidanganywa sana. Uandikishaji wa vizazi ulianza 1837 tu, hivyo kabla ya hapo daktari alikisia umri wa mtoto kwa kumtazama umbo. Mwaka huohuo daktari wa meno Edwin Saunders akapendekeza watoto wafunuliwe vinywa, wapimwe umri kwa meno yao! Faini nazo zilikuwa ndogo. Ila mkaguzi alikuwa na silaha nyingine, nayo ni taarifa. Leonard Horner na wenzake waliandika waliyoyaona, Bunge likayasoma, na mwaka 1844 sheria ikaamuru mashine hatari zizungushiwe vizuizi. Hata Karl Marx alichota ushahidi mwingi katika taarifa hizo.

Wenye mali walidai watafilisika. Mchumi Nassau Senior alihesabu kwamba faida halisi hutoka katika saa ya mwisho ya kazi, kwa hiyo kuipunguza siku ni kuua kiwanda. Mwaka 1847 wanawake na vijana wakawekewa kikomo cha saa 10, na viwanda vya Lancashire vikaendelea kukua. Hesabu ya Senior ilikuwa mbovu.

Mfumo huo wa ukaguzi ulifika kwetu pamoja na ukoloni. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya 1950 ilimpa mkaguzi mamlaka kama yale, lakini iliishia viwandani. Mkata mkonge shambani hakuwamo. Tanzania iliitumia hadi Sheria Namba 5 ya 2003 ilipoufikisha ukaguzi mashambani na maofisini pia.