Kasisi wa Macau

Wanaodhani kasisi mwanamke ni jambo la juzi, naomba watazame Macau, lililokuwa koloni la Wareno pwani ya Uchina. Vita viliwazuia makasisi wa Kianglikana kufika huko. Florence Li Tim-Oi, shemasi, akalichunga kanisa lililojaa wakimbizi. Januari 1944 Askofu R. O. Hall wa Hong Kong alimwekea mikono awe kasisi. Kwa maoni yangu hakumpa kazi mpya. Alitia muhuri kazi iliyokwisha kufanyika. (Walimu tunawajua wenzetu walioendesha shule kabla ya kupewa cheo.) Vita vikaisha, wakubwa wakalalamika. Mwaka 1946 alikiacha cheo, askofu wake asisumbuliwe, utumishi hakuuacha. Hong Kong iliwapata makasisi wanawake wengine wawili mwaka 1971.