Maili 200: Afrika Mashariki na Uandishi wa Sheria ya Bahari

Mwaka 1505 kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa, kisha likaichoma Mombasa. Hadi wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mwenyewe. Vyombo vya Gujarati, Uajemi na Hadhramaut vilishuka na kaskazi mpaka miji ya Waswahili na kurejea na kusi. Masultani walitoza ushuru bandarini, lakini hawakudai maji yenyewe. Wareno walileta dai jipya: chombo cha biashara sharti kibebe hati yao, iliyoitwa cartaz, na kisichokuwa nayo kilikamatwa au kuzamishwa.

Dai hilo lilipingwa na Wazungu wenzao. Mwaka 1603 Waholanzi waliteka meli ya Kireno, Santa Catarina, karibu na Singapore. Mwanasheria kijana, Hugo Grotius, aliombwa kutetea utekaji huo, na mwaka 1609 sehemu ya hoja zake ilichapishwa katika kitabu kidogo, Mare Liberum. Alishikilia kwamba bahari haimilikiki, na kwamba kila taifa lina haki ya kuivuka na kufanya biashara. Mwingereza John Selden akamjibu mwaka 1635 kwa Mare Clausum, akidai kuwa bahari inaweza kuwa na mwenyewe. Muda ulivyopita, mataifa ya Ulaya yakaegemea kati ya hoja hizo mbili. Nchi ya pwani ilitawala ukanda mwembamba, aghalabu wa maili tatu, uliohusishwa na umbali wa kombora la mzinga. Mbele ya hapo palikuwa huru kwa wote.

Uhuru huo ulimfaa mwenye meli. Kwa zaidi ya karne mbili dola zilizotawala makoloni ndizo zilizokuwa na manowari, na baadaye meli kubwa za uvuvi, na ndizo zilizoamua nini maana ya desturi ya mataifa. Mvuvi wa ngalawa wa Pemba au Lamu alikuwa na haki ileile kwa maandishi, ila hakuwa na njia ya kuitumia.

Mabadiliko yalianzia Marekani. Septemba 1945 Rais Harry Truman alitangaza kwamba mafuta na madini yaliyo chini ya sakafu ya bahari inayoendelea kutoka nchi kavu ni ya nchi yake. Chile na Peru zilifuata mwaka 1947 kwa kudai maili 200, na mwaka 1952 zikaungana na Ecuador katika Azimio la Santiago. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano Geneva mwaka 1958, ukazaa mikataba minne, lakini upana wa bahari ya kila nchi haukukubaliwa. Mkutano wa pili, mwaka 1960, ulishindwa kwa kura moja tu. Nchi nyingi za Afrika hazikuwamo ukumbini, kwa kuwa zilikuwa bado makoloni. Zilipopata uhuru zilikuta sheria tayari imeandikwa, nazo zikatarajiwa kuitii.

Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, aliliomba Baraza Kuu litambue sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu. Hotuba yake ilifungua upya mjadala wote, na safari hii Waafrika walikuwa na viti.

Hapo ndipo Kenya ilipotoa wazo lililoibadili ramani ya dunia. Januari 1971, katika kikao cha kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika huko Colombo, mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alitoa pendekezo la ukanda wa kiuchumi. Alilifafanua Lagos Januari 1972, na mwezi Agosti Kenya ikaliwasilisha rasmi Geneva kwa mfumo wa vifungu. Nguvu ya wazo hilo ilikuwa katika kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa: mali na njia. Hadi maili 200 za baharini, sawa na kilomita 370, samaki na madini yawe ya nchi ya pwani, ila meli za wote zipite bila kuzuiwa. Nchi za Amerika ya Kusini zilipata umbali zilioutaka. Mataifa yenye manowari yalibaki na njia zao. Rasimu ya Kenya haikuwasahau majirani wasio na pwani, kwa kuwapa nafasi katika uvuvi wa ukanda huo. Mwaka 1973 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunga mkono msimamo wa maili 200.

Mkutano mkuu ulianza mwishoni mwa 1973 na kudumu miaka tisa. Mkataba ulipitishwa tarehe 30 Aprili 1982 kwa kura 130 dhidi ya nne, huku nchi 17 zikijizuia, ukatiwa saini Montego Bay, Jamaica, mwezi Desemba. Una vifungu 320. Bahari ya nchi ikawa maili 12, ukanda wa kiuchumi maili 200. Mtanzania Joseph Warioba alichaguliwa kuongoza tume iliyoandaa vyombo vya Mkataba, na baadaye akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Tanzania iliridhia mwaka 1985, Kenya 1989, na Mkataba ukaanza kutumika Novemba 1994.

Kuandikiwa haki ni jambo moja, kuilinda ni jingine. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua katika ukanda wa Tanzania ikiwa na zaidi ya tani 290 za samaki, wengi wao jodari. Doria iliyoikamata ilitumia meli ya Afrika Kusini. Samaki waligawiwa taasisi za umma, na wananchi wakawaita samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Hata hivyo, hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2012 ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014 kwa kasoro za utaratibu. Tulikuwa na sheria, lakini meli ilibidi tuazime, na mahakamani hatukujiandaa vya kutosha. Mipaka nayo inadai maandalizi kama hayo: Kenya na Tanzania zilielewana kwa barua kati ya 1975 na 1976, ilhali mvutano wa Kenya na Somalia ulifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, na hukumu ya Oktoba 2021 ikakataliwa na Kenya.

Sura mpya inaandikwa sasa. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu ulipitishwa mwaka 2023, na huko Kingston, Jamaica, kanuni za kuchimba madini ya kina kirefu bado zinajadiliwa. Kizazi cha Njenga na Warioba kilisikika kwa sababu kilifika mezani na rasimu iliyokamilika, si malalamiko pekee. Nchi zetu zina wajibu wa kusomesha wanasheria na wanasayansi wa bahari, kununua meli za doria na utafiti, na kuwapeleka wajumbe walewale mwaka hadi mwaka hadi wazijue hoja kwa undani. Maili 200 zilipatikana kwa kazi ya namna hiyo, na hazitalindwa kwa njia nyingine.