Rukhsa ya Kusafiri Baharini

Kabla Mreno Vasco da Gama hajapita katika pwani yetu mwaka 1498, hapakuwa na dola iliyodai kuimiliki Bahari ya Hindi nzima. Manahodha walioleta nguo za pamba na ushanga kutoka Kambaya ya Bara Hindi kwa pepo za kaskazi, na wafanyabiashara wa Kilwa waliokusanya pembe na dhahabu ya Sofala, walikutana bandarini, wakalipa ushuru wa mji, wakangoja kusi ya kurejea. Kilwa yenyewe ilipata utajiri wake kwa kuishika Sofala, lakini haikumzuia mgeni kuipita bahari.

Wareno, ambao bidhaa zao hazikuwa na thamani kubwa katika masoko hayo, walikuja na mizinga, na kwa nguvu hiyo wakaifanya tijara kuwa silaha ya utawala. Waliweka hati ya rukhsa, waliyoiita cartaz, iliyotaja jina la chombo, nahodha wake, shehena yake na bandari aendayo, ikamlazimu kupita katika forodha zao na kulipa ushuru. Na chombo kilichokamatwa bila hati hiyo kilitwaliwa nyara pamoja na mali yote iliyomo. Mwaka 1502 da Gama alimtisha Amiri Ibrahim wa Kilwa hata akakubali kutoa kodi ya dhahabu, na katika dhahabu hiyo kikafuliwa chombo cha ibada cha Belém huko Ureno, kilichokamilika mwaka 1506. Mwaka 1505 jemadari wao Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, na mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome Sofala.

Lakini biashara iliyobanwa hutafuta upenyo: wafanyabiashara wa Kiislamu wakaielekeza dhahabu Angoche na mto Zambezi, ngome ya Sofala ikakosa ilichojengewa, na mwaka 1512 Wareno wakaihama ngome yao ya Kilwa. Baadaye walikaa Mombasa, walikoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, hata mwaka 1698 Waomani wa Imamu Seif bin Sultan walipoitwaa baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili.

Basi viongozi wetu, wanapoletewa mikataba ya biashara na mataifa yenye nguvu, kabla ya kutazama faida waliyoahidiwa, wachunguze ni nani atakayekuwa na haki ya kutoa rukhsa na kuinyima. Maana huyo ndiye atakayetawala.