Wageni wa Harvard: Chuo cha Centre na Desturi ya Vigogo Kualika Timu Ndogo

Miongoni mwa desturi zilizoijenga futiboli ya vyuo vya Marekani, ipo moja isiyoandikwa katika kanuni zozote za mchezo, nayo ni ya chuo kikubwa kukialika chuo kidogo katika uwanja wake, hasa msimu unapoanza, kwa matumaini kwamba mgeni atampa mwenyeji mazoezi na ushindi pasipo kumsababishia hasara. Mechi za namna hiyo zimechezwa kwa wingi usiohesabika, na karibu zote zimesahaulika kwa sababu matokeo yake yalijulikana kabla mpira haujapigwa. Zinazokumbukwa ni zile chache ambazo mgeni aliondoka na ushindi, na maarufu kuliko zote katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni ile ya tarehe 29 Oktoba 1921, siku ambayo timu ya Chuo cha Centre, kutoka mji mdogo wa Danville katika jimbo la Kentucky, iliishinda Harvard kwa pointi 6 kwa 0. Simulizi za mashabiki huiita mechi hiyo muujiza, lakini historia yake inaonyesha jambo jingine: timu nyonge haizuki yenyewe, bali hufanywa kuwa nyonge na ratiba ya mkubwa, na unyonge huo mara nyingi huwa machoni pa watazamaji kuliko uwanjani.

Futiboli inayozungumziwa hapa si kandanda inayochezwa Afrika Mashariki. Ni mchezo wa timu mbili za wachezaji 11, unaotumia mpira wenye umbo la yai, ambao hubebwa kwa mikono, hurushwa mbele au hupigwa teke, na ambamo timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, sawa na mita 9 hivi, ikishindwa huwaachia wapinzani mpira. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na tangu mwaka 1912 kumekuwa na thamani ya pointi 6, na baada ya hapo timu hupewa nafasi ya kutafuta pointi ya nyongeza. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Katika miaka ya 1920 wachezaji walewale walishambulia na kulinda, na kanuni zilibana sana ubadilishaji wao, kwa hiyo chuo chenye wanaume 11 hodari na wenye pumzi kiliweza kusimama mbele ya chuo chenye akiba ya wachezaji hamsini. Bila kulielewa jambo hilo, matokeo ya mwaka 1921 hayawezi kuelezeka ila kwa lugha ya miujiza.

Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1636 karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts, ilikuwa wakati huo mojawapo ya ngome kuu za mchezo huo. Uwanja wake wa zege, uliofunguliwa mwaka 1903, ulikuwa wa kwanza wa aina yake kwa vyuo vya nchi hiyo. Timu yake ilimaliza misimu ya 1919 na 1920 bila kupoteza mechi, na tarehe 1 Januari 1920 iliifunga Oregon 7 kwa 6 katika mechi ya Rose Bowl kule California. Ratiba yake ilipangwa kwa utaratibu ulioeleweka na kila shabiki: mechi za heshima zilikuwa dhidi ya Princeton na Yale, mahasimu wa jadi, nazo zilikuja mwishoni mwa msimu, ilhali wiki za mwanzo zilijazwa na wageni kama Bates na Colby mwaka 1919, au Maine na Valparaiso mwaka 1920, ambao walikuja kuunoa upanga wa mwenyeji. Mgeni wa aina hiyo hakutakiwa kuwa na historia, na mashabiki wa Harvard hawakuwa na sababu ya kujua majina ya wachezaji wake.

Centre ilikuwa na kila sifa ya mgeni wa kusahaulika. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1819 na waumini wa Kanisa la Presbiteri, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa na wanafunzi wasiofika 300, idadi ndogo kuliko ya darasa moja la mwaka la Harvard. Hata hivyo, ndani ya udogo huo kulikuwa na kundi lililokuwa limecheza pamoja tangu ujana. Robert Myers, aliyesoma Centre kabla ya kwenda kufundisha michezo katika shule ya sekondari ya North Side mjini Fort Worth, Texas, alirejea chuoni hapo mwaka 1917 na kufuatwa na vijana aliowalea huko, wakiwamo Alvin McMillin, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bo, na James Weaver. Myers aliyaacha mafunzo ya timu mikononi mwa Charley Moran, ambaye alikuwa amewahi kukinoa kikosi cha Texas A&M na ambaye wakati wa kiangazi alifanya kazi ya uamuzi katika ligi kuu ya besiboli, naye Myers akabaki katika uongozi wa michezo. Kwa hiyo Centre ilikuwa ndogo kwa idadi ya wanafunzi, lakini uzoefu wa kikosi chake ulikuwa mkubwa, kwa kuwa masharti ya umri na ya miaka ya kucheza yalikuwa legelege, na McMillin, aliyezaliwa Januari 1895, alikuwa na miaka 26 alipoingia uwanjani mwaka 1921.

Jina la Centre lilianza kuvuka mipaka ya Kusini mwezi Novemba 1919 kwa njia ya ulinganishaji wa matokeo. West Virginia iliifunga Princeton 25 kwa 0. Wiki moja baadaye West Virginia hiyo ikafungwa na Centre 14 kwa 6, na siku hiyohiyo Princeton ikatoka sare ya 10 kwa 10 na Harvard. Aliyeamini hesabu za namna hiyo angeweza kuhitimisha kwamba chuo cha Danville kilikuwa juu ya Harvard, na ingawa wajuzi wanafahamu kwamba hesabu za mtindo huo ni za kupotosha, zilitosha kuamsha udadisi wa waandishi. Centre ilimaliza msimu huo kwa kushinda mechi zake zote 9, na Walter Camp, ambaye orodha yake ya wachezaji bora wa taifa iliheshimiwa kuliko nyingine zote, aliwaweka McMillin na Weaver katika kikosi cha kwanza. Howard Reynolds, mwandishi wa michezo wa gazeti la Boston Post, alikuwa miongoni mwa waliowatambulisha vijana hao kwa wasomaji wa Boston na kuhimiza waalikwe, na mwaliko wa Harvard ukafuata kwa ajili ya msimu wa 1920.

Namna walivyotambulishwa ilikuwa na uzito wake. Magazeti yalipenda jina la utani la timu hiyo, Makanali Wanaosali, lililounganisha mambo mawili: cheo cha heshima cha ukanali ambacho gavana wa Kentucky huwatunuku raia, na mazoea ya wachezaji kusali pamoja kabla ya kuingia uwanjani. Kwa jina hilo Centre ilipokewa kama kituko cha kupendeza kutoka vijijini, kundi la vijana wacha Mungu waliosafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,000 kuja kujaribu lisilowezekana. Picha hiyo iliwafanya watazamaji wa Boston wawapende wageni, lakini pia iliwaficha, kwa maana shabiki aliyesoma habari za sala hakusoma sana habari za pasi za mbele, silaha ambayo timu za Kusini na Magharibi zilikuwa zimeizoea mapema na ambayo Moran aliifundisha kwa bidii.

Mechi ya kwanza, ya tarehe 23 Oktoba 1920, ilikuwa somo kwa pande zote mbili. Kufikia mapumziko timu zilikuwa sare, 14 kwa 14, na uwanja mzima ulikuwa umeshatambua kwamba mgeni hakuja kupoteza muda. Lakini katika kipindi cha pili uchovu uliwalemea wageni wenye wachezaji wachache wa akiba, na Harvard ikashinda 31 kwa 14. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Harvard, Arnold Horween, alitaka kuwapa wageni mpira wa mechi kama ishara ya heshima, na McMillin akaukataa akisema kwamba wangerudi mwaka unaofuata kuuchukua kwa ushindi. Kushindwa kwa heshima ndiko hasa kulikoipa Centre mwaliko wa pili, kwa sababu mgeni aliyejaza uwanja na hatimaye akafungwa ndiye mgeni ambaye kila mwenyeji humtaka.

Mwaliko wa mwaka 1921 ulikuwa wa wiki moja kabla ya mechi ya Harvard na Princeton, na tayari mwenyeji alikuwa ametoka sare ya 21 kwa 21 na Penn State. Zaidi ya watu 40,000 walihudhuria. Nusu ya kwanza ilipita bila pointi, na mapema katika robo ya tatu McMillin aliuchukua mpira, akakimbia kuelekea pembeni, akageuza mwelekeo kuwakwepa walinzi na kumaliza mbio za yadi 32 katika eneo la mwisho. Pointi ya nyongeza haikupatikana, na kwa muda wote uliobaki Centre ilijilinda bila kuruhusu chochote. Hakukuwa na bahati ya ajabu wala kosa la mwamuzi lililoamua mchezo. Kikosi kilichojua udhaifu wake wa mwaka uliotangulia kilikuwa kimejiandaa kucheza robo zote nne kwa nguvu ileile. Mjini Danville matokeo yaliandikwa kutani kwa mtindo wa alama za kikemia, herufi ya kwanza ya kila chuo ikifuatwa na pointi zake, na mwaka 1950 waandishi wa michezo walioulizwa na shirika la habari la AP waliyataja kuwa matokeo ya kushangaza kuliko yote ya nusu karne.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi hadhi ya mnyonge inavyohama haraka. Tarehe 2 Januari 1922 Centre ilikwenda Dallas ikiwa ndiyo inayopigiwa upatu, na Texas A&M, timu aliyowahi kuifundisha Moran, ikaifunga 22 kwa 14. Miaka minne baadaye, mwezi Oktoba 1926, Harvard iliufungua msimu kwa kukialika chuo kingine kidogo, Geneva cha Pennsylvania, na ikapigwa 16 kwa 7. Kocha wa Geneva alikuwa McMillin, na kocha mpya wa Harvard aliyeanza kazi kwa kichapo hicho alikuwa Horween.

Hata hivyo, historia ya wageni wa Harvard haikamiliki bila kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuwa mgeni. Centre ilikuwa nyonge mbele ya Harvard, lakini katika jimbo lake ilikuwa chuo cha Wazungu peke yao, kwani sheria ya Kentucky ya mwaka 1904 ilipiga marufuku weusi na weupe kusoma katika taasisi moja. Vyuo vya Wamarekani Weusi kama Tuskegee na Howard vilikuwa na timu, ila havikuwamo katika ratiba ya vigogo wa Kaskazini, ingawa Harvard yenyewe ilikuwa imemchezesha William Henry Lewis, mchezaji mweusi aliyeteuliwa katika kikosi bora cha taifa mwaka 1892 na 1893. Shule ya Carlisle ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1879 ili kuwatenga vijana wa Wenyeji wa Asili wa Marekani na lugha na mila zao, ilialikwa, na mwaka 1911 iliishinda Harvard 18 kwa 15 kwa mikwaju ya mchezaji wake Jim Thorpe. Lakini magazeti ya zama hizo yalizoea kuzieleza mechi zake kama marudio ya vita vya mpakani. Kwa hiyo nafasi ya kupendwa kama mnyonge haikugawiwa sawasawa: wengine waliipata kwa urahisi, wengine waliipata pamoja na dharau, na wengine hawakufunguliwa mlango kabisa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yaliyoipa Centre nafasi yalitoweka moja baada ya jingine, kwani masharti ya kuruhusiwa kucheza yalikazwa, ubadilishaji huru wa wachezaji uliwanufaisha wenye akiba kubwa, na ufadhili wa masomo kwa wanamichezo uliwatenganisha matajiri na maskini. Centre leo hucheza katika daraja la tatu, ambako ufadhili wa namna hiyo haupo, na Harvard nayo, chini ya umoja wa Ivy League ulioanza mashindano rasmi mwaka 1956, imejitoa katika safu ya vigogo. Desturi ya mwaliko imebaki, ila sasa mgeni hulipwa kwa mkataba. Appalachian State ya North Carolina, bingwa wa ngazi ya chini kwa miaka miwili mfululizo, ililipwa dola 400,000 kwenda kucheza na Michigan tarehe 1 Septemba 2007, na mbele ya watazamaji zaidi ya 109,000 ikashinda 34 kwa 32 dhidi ya timu iliyoorodheshwa ya tano nchini. Mashabiki wa Michigan waliambiwa kabla ya mechi kwamba wanamkaribisha mgeni mdogo, na maelezo hayo yalikuwa kweli kuhusu bajeti na uwanja wa Appalachian State, kama vile ya mwaka 1920 yalivyokuwa kweli kuhusu idadi ya wanafunzi wa Centre. Katika vipindi vyote viwili yalikosa kutaja ubora wa kikosi, na kikosi ndicho kilichosafiri.