Daftari la Shule

Walimu wengi hunung'unika wakikumbushwa kupeleka ripoti. Lakini desturi hiyo ni ya zamani. Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano na Dola Huru ya Kongo zilipatana hivi: misioni zipewe mashamba ya hektari 100 mpaka 200, nazo zijitahidi kufungua shule, na kila mkuu wa misioni amwarifu Gavana Mkuu, kwa nyakati zilizowekwa, hesabu ya wanafunzi na maendeleo yao. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule. Mwaka 1977 ikayarudishia Makanisa usimamizi, mishahara ikabaki juu yake. Basi daftari si karatasi tupu: jina la mwalimu lisipofika, mshahara haufiki, na watoto wake wanalala njaa. Tuandike kweli, tena kwa wakati.