Shaba ya Kurithi

Chaani ni mtaa wa bara, katika sehemu ya Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Karibu nayo ni Kipevu na gati za bandari, na malori ya mizigo hupita jirani mchana na usiku. Mgeni hudhani kuwa mahali kama hapa, penye nyumba za watu wa kazi waliotoka pande nyingi, hapana kitu cha kale. Dhana hiyo si ya haki. Watu huhama pamoja na vitu vyao. Kasha la Mji wa Kale, sinia la Lamu, au mdila wa kahawa wa Unguja, chaweza kukutwa leo chini ya paa la bati la Chaani, kimerithiwa na mjukuu ambaye hakumwona babu yake. Msomaji, nataka tuzungumze habari ya shaba iliyo juu ya vitu hivyo: ilikotoka, inavyoharibika, na jinsi ya kuitunza nyumbani.

Shaba ya manjano haichimbwi ardhini ikiwa hivyo ilivyo. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na madini nyingine iitwayo zinki, ambayo aghalabu huwa karibu na theluthi moja. Kuipata zinki peke yake kuliwasumbua wahunzi wa dunia kwa muda mrefu, kwa kuwa katika moto mkali hugeuka mvuke na kupotea hewani. Watu wa Zawar, katika nchi ya Rajasthan huko India, waliweza kuukamata mvuke huo na kuupoza karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya. Katika Uingereza, William Champion wa Bristol alipata hati ya kuilinda njia yake ya kufanya hivyo mwaka 1738. Karne ya 19 ilipofika, mji wa Birmingham ulikuwa umejaa viwanda vya shaba, vikitoa bawaba, vitasa, vishikio na misumari kwa wingi. Basi kasha moja la pwani laweza kuwa na mti wa nchi moja, misumari iliyofuliwa kwa mkono katika nchi ya pili, na kitasa kilichotoka katika kiwanda cha nchi ya tatu.

Vitu hivyo vililetwa na majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi. Katika nyumba za waungwana shaba ilikuwa na kazi nyingi. Ilipigiliwa milangoni na juu ya makasha. Ikawa chetezo cha kufukizia udi, mrashi wa marashi, na sinia la kupakulia wageni. Huko Lamu ilikuwa na cheo kikubwa zaidi, kwa maana siwa ya Lamu ni ya shaba, ilhali siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Nazo zilipigwa katika harusi na sherehe za watu wakubwa. Wala shaba haikukaa pwani tu. Misafara ya karne ya 19 ilichukua nyaya nene za shaba, zilizoitwa masango, kuwa mali ya biashara bara. Joseph Thomson, aliyeshika njia ya Umasai kutoka Mombasa mwaka 1883, alichukua nyaya pamoja na shanga na nguo. Madini iliyopambia mlango wa tajiri wa kisiwani ndiyo iliyokuwa bangili mkononi mwa binti wa bara.

Sasa tuitazame shaba hiyo mikononi mwetu. Siku ya Idi inakaribia, au harusi. Mwenye nyumba analitazama kasha la bibi yake, anaona misumari imekuwa myeusi, anaona haya. Anakata ndimu, anatia chumvi na majivu, anasugua tangu asubuhi. Jioni kasha linametameta, na kila aingiaye anasifu. Lakini ukali wa ndimu na chumvi huivuta zinki kutoka katika uso wa shaba, na kuuacha uso huo na wekundu usiokuwapo kwanza. Majivu na mchanga hukwangua. Alama za nyundo ya mfuaji, ambazo ndizo zinazotuonyesha kuwa msumari ulifuliwa kwa mkono, hufifia kidogo kila mwaka. Maji ya ndimu huingia chini ya vichwa vya misumari na kuozesha mti. Usafi wa siku moja umelipwa kwa kazi ya fundi wa miaka mia.

Tena, haifai kudhani kuwa kinachonukia ukali ndicho kinachosafisha vizuri. Zamani za utawala wa Waingereza katika India, maganda ya risasi yaliyotengenezwa kwa shaba ya manjano yaliwekwa ghalani, na wakati wa mvua yakaonekana yamepasuka yenyewe. Baadaye, mwaka 1921, wataalamu walieleza sababu: hewa kali ya amonia, kama ile itokayo katika mkojo wa farasi mazizini, huipasua shaba iliyofinywa kwa nguvu kiwandani. Amonia hiyo imo katika dawa nyingi za kusafishia. Kwa hiyo soma maneno ya mkebe kabla ya kuufungua.

Ufanyeje basi? Kwanza, shika sumaku uijaribu. Shaba haivutwi na sumaku. Ikiwa kitu kinavutwa, ni chuma kilichopakwa shaba juu, na kukisugua ni kukivua nguo yake ya pekee. Pili, tofautisha weusi na kutu. Utando wa rangi ya kahawia au mweusi, ulio laini na wa sawasawa, ni ngozi ya shaba. Huikinga, nao uachwe. Madoa ya kijani yaliyo kama unga ni ugonjwa. Chumvi ya hewa ya bahari huyaleta, na Chaani haiko mbali na bahari. Yatoe yakiwa makavu kwa kijiti cha mti, usitumie kisu wala waya. Tatu, kitu kisichoshikamana na mti kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa brashi laini, ukikaushe papo hapo. Shaba iliyopigiliwa kwenye kasha au mlango ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu, na kikavu kifuate. Mwisho paka nta ya nyuki, nyembamba sana, uisugue mpaka usiione. Ukilazimika kupata mng'ao, tumia unga wa chaki uliochekechwa vizuri, kwa mkono mwepesi, mara moja kwa mwaka. Na mdila au sufuria ya kale usiipikie kitu kichachu: wazee walizitia bati ndani kwa sababu walijua sumu ya shaba, na bati hiyo ikiwa imekwisha, kinga imekwisha.

Iko hasara nyingine iliyo kubwa kuliko ya ndimu. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake, na katika mizani hiyo bawaba ya kale na bomba lililovunjika ni kitu kimoja: kilo kwa kilo. Mrithi asiyejua alicho nacho hawezi kubisha bei. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi chukua daftari, ukae na mzee wako angali hai, uandike: kasha hili lilikuwa la nani, lilitoka mji gani, lilikuja kwa harusi ya nani. Ukiwa na shaka juu ya kitu chako, nenda ukaulize katika makumbusho ya Fort Jesus kabla ya kukisugua au kukiuza.

Msomaji kijana, mng'ao ukipotea waweza kurudishwa kwa nusu saa ya kazi. Alama ya nyundo ikifutika, na jina la mwenyewe likisahauliwa, hakuna ndimu wala chaki itakayovirudisha. Ipanguse shaba ya wazee wako kwa upole, uitie nta, uiandike. Kisha iache iwe nyeusi kidogo.